Mkono wa Mwisho Kwenye Mashine ya Binti Yangu

Sheria zilikuja nyumbani zikiwa karatasi tisa zilizobanwa pini kwenye pembe, na mimi nilisoma moja tu. Nilikuwa nimetoka kazini, mikono bado inanuka chuma kilichoungua, na binti yangu akaziweka kando ya sahani yangu kabla sijamaliza kula. Alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, hapo Mansfield, Texas, tulipokuwa tukikaa. Yeye na wenzake watatu walikuwa wameingia mashindano ya wanafunzi ya kubuni mashine, na fainali ilikuwa Houston, wakati wa likizo ya mwezi wa tatu. Walitakiwa waunde mkokoteni unaoweza kupanda ngazi ukiwa umebeba ndoo mbili za maji, ukisukumwa na mtu mmoja, bila maji kumwagika. Yeye ndiye aliyeuchora. Yeye ndiye aliyekuwa nahodha, na siku ya fainali yeye ndiye angeusukuma. Mwaka mzima hakuwa na mazungumzo mengine.

"Weka sahihi pale chini," akaniambia kwa Kiingereza. Siku hizo Kiswahili alikuwa ananipa akitaka kitu, au akikasirika.

"Zinasema nini?"

"Zinasema sheria."

Nikaitazama ile ya kwanza. Palikuwa na sheria ya uzito, sheria ya upana, sheria ya urefu wa tarakimu za namba ya timu, sheria ya viatu vya kufunika vidole, na sheria ya nywele ndefu kufungwa nyuma.

"Na chooni je, mtakwenda kwa sheria ya ngapi?"

Hakucheka. Nikageuza karatasi zote kwa mpigo hadi ya mwisho, nikatia sahihi. Hapo ndipo aliporudi kwa Kiswahili.

"Sasa nisikilize, Baba. Iko moja hapa. Kazi yote ya mashine ifanywe na wanafunzi. Mzazi, mwalimu au fundi asikate, asitoboe, asichomelee wala asifunge chochote. Kwa hivyo usi-touch kitu. Tafadhali."

"Mimi?"

"Wewe hasa."

Mamake, aliyekuwa akiosha vyombo, akacheka peke yake. Mimi niliinuka mezani nikaacha chakula.

Niseme nilikuwa nani, ili ieleweke kwa nini sheria ile ilinichoma. Nilimaliza kidato cha nne, na wiki ile ile nikaingia kwenye karakana ya kuchomelea Changamwe, Mombasa. Sijawahi kufanya kazi nyingine. Huko Texas nilikuwa kwenye karakana ya matela, Fort Worth. Watu wa kwetu wengi walikuwa manesi, madereva na watu wa kompyuta. Mimi nilikuwa yule anayepigiwa simu geti la mtu likivunjika. Nilikuwa na kitu kimoja tu nilichokijua kuliko watu wote niliokutana nao, na mwanangu alikuwa amekuja kunisomea, katika nyumba yangu, karatasi inayonikataza kukifanya.

Halafu kulikuwa na desturi. Katika karakana niliyofunzwa, kazi ya mwanafunzi haikutoka mlangoni bila fundi mkuu kupitisha mkono wake. Mwanafunzi anaweza kuunda geti zima, akalinyoosha, akalisafisha. Mwisho fundi anakuja, anavaa kioo, anaongeza mshono mmoja wa kuchomelea kwenye kiungio kizito kuliko vyote. Tuliuita mkono wa mwisho. Fundi akitazama kazi yako kisha akaenda zake bila kuigusa, ulijua umekwisha. Maana yake alikuwa amekukana. Niliwahi kumwona kijana mkubwa, mwenye ndevu, akilia kwa sababu fundi alipita kando ya dirisha lake na kwenda kunywa chai.

Basi nikaenda shuleni kugombana. Mwalimu wa karakana alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionikera zaidi. Kazi ya vijana ilikuwa juu ya meza, na binti yangu alisimama kando yake, mikono nyuma, kama mlinzi. Niliinama nikakitazama kiungio cha nyuma, pale mhimili unaposhika fremu, pale mzigo wote utakapokaa mkokoteni ukipanda.

"Nani amechomelea hapa?"

"Mimi," akasema binti yangu.

"Mavi ya kuku."

Nilisema kwa Kiswahili, lakini wenzake walielewa kutokana na uso wake. Mwalimu akauliza nimesema nini. Binti yangu akamjibu, "Anasema mshono hauko sawa." Akanitafsiri vizuri kuliko nilivyostahili.

Mwalimu akaniambia jambo ambalo nimelikumbuka mara nyingi tangu siku ile. Alisema sheria hainikatazi kufundisha. Naweza kuchukua kipande kingine cha chuma, cha kutupwa, nikamwonyesha binti yangu namna ya kuuweka mkono, mwendo gani, umbali gani, mara mia nikitaka. Yeye akishaelewa atakwenda kurekebisha mwenyewe. Hata akatoa vipande chini ya meza akaviweka mbele yangu, na kofia ya kuchomelea juu yake.

Binti yangu alikuwa ananitazama. Nadhani alitaka nikubali. Leo nina hakika alitaka.

"Mimi si mwigizaji," nikamwambia mwalimu. "Sichezi na vyuma vya takataka. Mnataka kazi, nipeni kazi."

Nikatoka. Kwenye gari nilizungumza na usukani mpaka nyumbani.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala msikitini Richardson, nilimsimulia rafiki yangu, Mzanzibari aliyekuwa akiendesha lori. Alikuwa mtu wa maneno ya kuwasha.

"Yakhe," akasema, "kwa hiyo mzungu kakupa amri usimguse mwanao?"

"Si mwanangu. Mashine."

"Ahaa. Mashine. Na hiyo mashine ikimvunjikia mbele ya watu Houston, watasema ni mtoto wa nani? Watasema mtoto wa mwalimu?"

Alikuwa anafanya mzaha, na alisahau kabla hajafika kwenye lori lake. Mimi nilikwenda nayo nyumbani. Simlaumu. Ningepata kijisababu hata kwa paka.

Wiki ya likizo shule ilifungwa, na sheria iliruhusu mashine ilazwe nyumbani kwa mmoja wa timu. Wakaileta kwetu kwa sababu mimi nilikuwa na pikapu ya kuipelekea Houston. Wakaiweka katika gereji, wakaifunika shuka, na binti yangu akabandika karatasi juu yake kwa herufi kubwa: USIGUSE. Aliiandika kwa Kiswahili. Katika nyumba ile hakukuwa na mtu mwingine wa kuandikiwa.

Jumamosi yeye na mamake walikwenda Dallas kwenye harusi. Nilisema mgongo unaniuma. Gari lao lilipopinda kona, nilifungua mlango wa gereji ili jua liingie, nikatoa shuka, nikaikunja vizuri pamoja na karatasi yake.

Walikuwa wamekwisha kuupaka mkokoteni rangi nyeusi, lakini chini ya rangi mavi ya kuku yalikuwa pale pale. Niligonga kwa nyundo ndogo nikasikiliza. Sauti ilikuwa ya chuma kilichoshika nusu. Ninaamini hivyo hata leo, ingawa najua aliyekuwa anasikiliza alikuwa mtu aliyekwisha kuamua. Nikausaga mshono wake wote mpaka chuma kikang'aa. Nikavaa kofia. Nikaweka wa kwangu.

Sitaki kudanganya katika jambo hili: ulikuwa mshono mzuri kuliko yote niliyowahi kuweka. Mkono haukutetemeka hata mahali pamoja. Ulikaa kama shanga zilizopangwa na mtu mwenye siku nzima. Niliupaka rangi nyeusi, nikasubiri ikauke, nikarudisha shuka na karatasi, nikafagia vumbi la chuma sakafuni. Waliporudi, niliuliza bwana harusi alikuwa amevaa nini.

Sikujiona kama mtu aliyeiba. Nilijiona kama baba aliyekataa kumkana mwanawe, baba ambaye hata shukrani hataki.

Tuliondoka alfajiri ya siku ya ukaguzi na fainali, mimi na yeye mbele, mkokoteni nyuma umefungwa kamba. Wenzake walikwenda na basi dogo la shule. Kwa saa nzima alikuwa akijisomea karatasi zile tisa, midomo ikicheza. Nilimwambia mtu anayejua kazi yake hahitaji kukariri. Akasema mtu asiyejua kusoma ndiye asiyehitaji. Akazirudia karatasi zake hadi Houston.

Mashindano yalikuwa katika ukumbi wa michezo wa chuo. Sakafu ilikuwa imegawanywa kwa utepe wa njano: ndani timu na majaji, nje wazazi. Katikati palijengwa ngazi ya mbao. Tulishusha mkokoteni kwenye maegesho, na yeye akachukua kitambaa akaanza kuufuta vumbi la barabara. Alifuta mbele, akafuta magurudumu, akafika nyuma. Kitambaa kikasimama. Aliinama, akapitisha kidole juu ya kiungio, taratibu, mara mbili.

"Baba. Umegusa?"

"Sijagusa."

"Rangi hii ni mpya."

"Rangi ni rangi. Mlipaka juzi."

"Niambie tu. Kama umegusa, niambie sasa hivi, nitajua la kufanya."

"Nimesema sijagusa."

"Sema wallahi."

Hapo nikakasirika, na nilikasirika kwa nguvu kwa sababu hasira ilikuwa mlango pekee uliobaki wazi. "Unaniapisha? Mimi babako unaniapisha kwenye maegesho ya magari, mbele ya watu? Nani amekufundisha adabu hiyo, hao wenzako?"

Watu waligeuka. Yeye akashusha macho. Nilikuwa nimemlea asimtilie babake shaka mbele ya wageni, na saa ile niliyatumia malezi hayo kama kizibo. Akasema, "Samahani, Baba." Akaingia ndani, akatia sahihi tamko la nahodha, kwamba kila kazi kwenye mashine imefanywa na wanafunzi wanne waliotajwa.

Lile alilokuwa anataka kulifanya kama ningesema kweli, nilikuja kulijua siku ile ile, baadaye. Lilikuwa kwenye karatasi ya sita. Mtu wa nje akigusa mashine, nahodha akataja kabla ya kutia sahihi, timu inapunguziwa alama na inaendelea. Basi. Hakuna aibu, hakuna kufukuzwa. Walioandika sheria zile walikuwa wanawajua wazazi. Walikuwa wametuachia mlango mpana kabisa.

Jaji aliyewakagua alikuwa mama mzee wa Kizungu, nywele nyeupe, mwenye kioo kidogo kwenye fimbo na tochi ya kubana shingoni. Nilisimama nje ya utepe, hatua kama nne kutoka kwao. Alipima, akaandika, akacheka na vijana. Kisha akalala chali sakafuni, na umri wake ule, akatazama chini ya mkokoteni. Alikaa chini kwa muda mrefu. Alipoinuka hakuwa anacheka.

"Viungio vyote hivi nimeviona," akasema. "Hiki cha nyuma ni kizuri sana. Nani amekichomelea?"

Daftari lao lilionyesha jina la binti yangu na tarehe. Akasema, "Mimi."

"Unaweza kunionyesha?"

Hiyo nayo ilikuwa sheria: mwanafunzi awe tayari kurudia kazi yoyote mbele ya jaji. Kando ya ukumbi palikuwa na karakana ya chuo, na mlango wake ulikuwa wazi, nikaona kila kitu. Alivaa kofia. Akapewa vipande viwili. Alichomelea kwa makini, akiwa amebana kiwiko ubavuni, na hata kutoka mbali niliona kosa lake lilikuwa dogo tu: alikuwa anakwenda mbio kidogo. Ningemrekebisha kwa nusu saa, juu ya chuma cha takataka, katika karakana ya mwalimu mpole.

Jaji akaja na kile kipande kikiwa bado cha moto, amekishika kwa koleo, akakisogeza karibu na kiungio cha nyuma. Tofauti ilionekana. Hata wenzake watatu waliona.

"Nitauliza mara moja tu," akasema. "Nani?"

Binti yangu aligeuza kichwa akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa ananingojea, kama mtu anayemngojea mwenzake anayefunga viatu.

Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi. Ni mimi, na aliniuliza, na nilimdanganya. Sheria inamwadhibu anayesaini uongo huku akijua. Yeye hakujua. Alihitaji babake tu athibitishe hilo, naye angebaki nahodha. Mwalimu alikuwa pale, yule niliyemwambia mimi si mwigizaji, na wazazi wa wenzake walikuwa kulia na kushoto kwangu. Utepe ulikuwa na maandishi: wazazi wasiseme na timu wakati wa ukaguzi. Nikayasoma maandishi yale, herufi moja moja, kama mtu aliyeanza shule jana. Katika sheria zote za karatasi tisa, hiyo ndiyo niliyoamua kuitii.

"Aliyesaini ni mimi," binti yangu akamwambia jaji. "Wenzangu hawajui lolote."

"Unajua maana yake?"

"Najua. Karatasi ya saba. Nahodha anatoka, timu inaendelea."

Alivua mwenyewe kitambulisho chake shingoni, akamkabidhi jaji. Mmoja wa wenzake, msichana mfupi mwenye miwani, alianza kulia na kusema si haki. Binti yangu alimshika mabega akamwonyesha kitu kwenye mpini wa mkokoteni, mahali pa kushika, namna ya kuegemea wakati wa kupanda. Kisha akapita chini ya utepe, akapita mbele yangu, akaenda kukaa kwenye benchi za juu.

Nilimfuata. Nilikaa safu tatu chini yake, kwa sababu nilipokaribia zaidi alisema, "Usikae hapa." Nikageuka nikamwambia binti yangu kwamba yule jaji ni mbaguzi, kwamba angemwona mtoto wa Kizungu na kazi ile angempa zawadi. Nilisema mengi. Nilisema mwalimu ndiye aliyetuuza. Watu wawili walihama benchi. Yeye alikuwa ameweka mikono magotini, anatazama ngazi.

Zamu yao ilifika mchana. Yule msichana mfupi ndiye aliyeushika mkokoteni. Ndoo zilijazwa maji hadi mdomoni. Akaanza, na kwenye ngazi ya kwanza aliyumba, na ukumbi ukavuta pumzi. Ngazi ya pili. Ya tatu. Kwenye ya tano, uzito wote ukarudi nyuma, ukakaa juu ya mhimili, pale pale, na fremu ikalia sauti moja kali ya chuma. Niliijua sauti ile. Ilikuwa ni chuma kinachouliza kama kiungio kipo. Kisha mkokoteni ukainuka, ukapanda, ukafika juu. Maji hayakumwagika hata tone. Watu wakasimama kupiga makofi.

Na mimi nikasimama. Nilisahau kwamba binti yangu ametolewa, nilisahau utepe na jaji na tamko. Kwa muda wa pumzi mbili tatu nilikuwa fundi na kazi yangu imeshika mbele ya ukumbi mzima, na nilikuwa natabasamu mpaka mashavu yanauma. Nikageuka nyuma ili nimwone na yeye akifurahi.

Alikuwa hatazami ngazi tena. Alikuwa ananitazama mimi, na sijui alikuwa ameanza kunitazama tangu lini.

"Umefurahi?" akaniuliza. Kwa Kiswahili, na bila kupandisha sauti.

Nilikuwa na nafasi ya kusema lolote. Hapakuwa na jaji pale, wala mwalimu, wala maandishi ya kunikataza. Nikamjibu, "Kimeshika."

Aliinuka, akachukua mkoba wake, akashuka benchi kwa upande wa pili. Alirudi Mansfield na basi dogo la shule, pamoja na wenzake. Jioni ile mamake aliponiuliza yalikwendaje, nilimwambia mkokoteni ulipanda ngazi zote.